Walisema Amina

Uji wa Nabalayo haukuwa na adui. Hata wanaume wa kiburi, wale wanaosema uji ni wa watoto na wazazi waliojifungua, walisimama kila asubuhi kwenye kona ile ya nyuma ya Kapsoya na vikombe viganjani, kwa sababu baridi ya Eldoret haimwogopi mtu. Kwa hiyo Tryphosa alipopita Jumanne hiyo na kuona sufuria imejaa mpaka shingoni na benchi halina mtu, miguu yake ilisimama yenyewe.

"Umechelewa kufungua, dada?"

"Nimechelewa wapi? Nimefika hapa giza likiwa bado." Nabalayo alikuwa akifuta vikombe vilivyokauka zamani. "Tangu jana watu wanapita tu, Mama Byron. Wananisalimia wakiwa mbali. Kibet wa boda, huyo mtoto nilimpatia uji wa bure wakati pikipiki yake ilikuwa imeshikwa, leo amenipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, halafu akaenda kunywa chai kwa hoteli."

"Pengine amechoka na uji."

"Wote wamechoka siku moja?"

Nabalayo alitazama huku na huku, akainama amnong'oneze, kisha akakumbuka jambo, akarudi nyuma na kuziba mdomo kwa kiganja. Kitendo hicho kidogo kilimchoma Tryphosa kuliko maneno yaliyofuata.

"Wamejua," Nabalayo alisema kupitia vidole. "Ile maneno ya dawa. Na daktari mwenyewe aliniambia saa hii siwezi kuambukiza mtu, nimemeza hata zimekaribia kuisha. Lakini nani atasikiza hiyo? Ukitoa daktari, ni watu wawili tu walikuwa wanajua, wewe na nesi wa kliniki. Wewe ni mtu wa maombi, huwezi. Kwa hivyo ni nesi. Jana nilienda huko nikamtukana mbele ya watu wamekaa kwa foleni. Nilimwita kila jina. Alilia, na sikumhurumia."

"Haki?"

"Niombee, Mama Byron. Mungu amtoe nje huyo mtu alinisema. Amtoe watu wamwone, aaibike vile nimeaibika."

Tryphosa alikuwa kiongozi wa maombi wa akina mama kanisani, na mtu wa namna hiyo haombwi mara mbili. Alimshika Nabalayo mikono yote miwili hadharani, wapita njia waone, akafunga macho, akamwomba Mungu kwa sauti amfichue adui huyo na kumwaibisha. "Amina," alisema Nabalayo. Alilisema neno hilo taratibu, kwa imani yote, nalo likamfuata Tryphosa hadi nyumbani. Akiwa bado hajavua viatu alitoa simu, akafungua ile ramani mpya ya mtaa, akabonyeza paa la nyumba ya Nabalayo.

Maneno yakatokea. "Mama muuza uji. Anatumia dawa za TB." Kulikuwa na sentensi ya tatu, fupi, lakini Tryphosa aligeuza simu kifudifudi kabla ya kuifikia. Hakuwa na haja ya kuisoma. Aliyeiandika alikuwa yeye mwenyewe.

* * *

Mradi wa ramani ulikuja kwa nia njema, na hilo lisemwe kwa haki. Mji uwe safi: magari ya taka yajue pa kupita, watu wa maji wajue bomba limeishia wapi, watu wa afya wajue nyumba zisizo na madirisha, zinazojaa moshi jioni. Ofisi zote zingesoma ramani moja, badala ya kila ofisi kutuma watu wake kubisha milango. Walitafutwa wakusanyaji wa habari wanaojulikana mtaani, na mtaani nani anajulikana kuliko Tryphosa Kageha? Walifundishwa katika ukumbi wa hoteli mjini, wakapewa simu na chai ya maziwa mengi. Kwanza, waliambiwa, unamsomea mtu maelezo ya ridhaa: habari zake zitakwenda wapi, nani atazisoma, na kwamba ana haki ya kukataa. Unangoja ajibu. Akikubali unabonyeza "Amekubali", ndipo maswali yanafunguka.

Kwenye nyumba ya kwanza Tryphosa aliyasoma maelezo yote, neno kwa neno. Kilikuwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Mwenye nyumba alimtazama kama anavyotazamwa askari wa kanjo, yule wa baraza la mji, akasema mume wake hayupo, akafunga mlango. Nyumba ya pili mambo yakawa yale yale, na ya tatu hawakufungua kabisa ingawa redio ilikuwa ikiimba ndani. Tryphosa alirudi kwake amenuna. Kesho yake alifunga kichwani kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa, kile chenye utepe wa buluu, akabisha, akaingia, akasema, "Tuombe kwanza." Aliombea nyumba, akaombea watoto na kazi. Watu wakasema "Amina", na kabla hawajafumbua macho sawasawa kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza "Amekubali".

Tangu hapo kazi ikawa mteremko. Mtu aliyetoka kuombewa hafichi kitu. Walimwambia nani amefukuzwa kazi na bado anaaga kila asubuhi, nani amekimbiwa na mke, nani anameza dawa. Mwisho wa maswali kulikuwa na nafasi tupu iliyoitwa "Maelezo mengine", na Tryphosa, ambaye shuleni alisifiwa kwa insha, hakuiacha tupu hata mara moja. Ofisini walimtolea mfano mbele ya wenzake. Ramani ilipokamilika na linki yake ikatumwa ili watu wajue siku zao za taka, ni yeye aliyeipeleka kwenye grupu ya akina mama akiwa amejaa fahari: "Mungu ni mwema, mtaa wetu sasa uko kwa ramani." Yeye mwenyewe alikuwa amebonyeza nyumba moja tu kuangalia, nayo ni yake.

Jumapili Eddah, mweka hazina wa akina mama, aliandika kwenye grupu hiyo, ambamo Nabalayo hakuwemo kwa kuwa simu yake ilikuwa ya vibonyezo tu: "Wapendwa, tuwe waangalifu na vitu tunakunywa barabarani." Tryphosa alidhani anasema juu ya maji machafu. Alimjibu "Amina". Sasa, akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni, alilitafuta jibu lake hilo na kulikuta bado lipo, limewekewa picha ya mikono ya maombi. Alitamani mtu aje amgombeze, angalau chumba kiwe na kelele.

* * *

Wabuge alirudi jioni na vumbi la mbao nyweleni. Alikuwa fundi wa vitanda na makabati, mtu wa maneno machache, na mkewe alipomweleza alimsikiliza akiwa amesimama, koti bado mwilini.

"Futa," alisema.

"Nimejaribu, inakataa. Mimi naweza kuandika tu, siwezi kufuta."

"Basi mwambie."

"Nimwambie nini, Baba Byron? Ametukana nesi wa watu kwa sababu yangu. Na asubuhi nimemshika mikono nikamwomba Mungu amtoe nje mwenye alimsema."

"Na Mungu amesikia."

Hakuwa anatania. Alivua koti, akalitundika kwenye msumari, akaketi na kuanza kufungua kamba za viatu bila haraka.

"Na sisi?" aliuliza akiwa bado ameinama. "Nyumba yetu umeandika nini?"

Tryphosa alifunua sufuria ya maharagwe, akaifunika tena.

"Mama Byron, nakuuliza."

"Nimeandika hakuna la kuongeza."

Mikono ya Wabuge ikaacha zile kamba. Mwaka juzi alikohoa mpaka suruali zikawa zinamvuka kiunoni, na dawa anazomeza Nabalayo yeye alizimeza zikaisha. Lakini hakuzichukulia Kapsoya. Alikuwa akienda mpaka Turbo, ambako hakuna anayemjua, na kanisani mkewe alisema mzee amepata kazi ya milango huko. Akina mama waliiombea hiyo kazi ya milango, Nabalayo akiwa mmoja wao, tena kwa sauti kubwa.

"Kwa hivyo ulijua," alisema mwishowe. "Ulijua hiyo si kitu ya kuandika."

"Sikufikiria, haki."

"Ulifikiria. Yangu ulifikiria."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka Tryphosa. Mtu anaweza kujidanganya kwa siku nzima kwamba aliteleza tu, kwamba ni bidii ya kazi, halafu mume wake akamwonyesha kwa sentensi moja kwamba miguu yake ilikuwa ikijua njia vizuri sana. Alijipangusa kwa kanga. "Nikienda kwake nitamwambia na wewe pia ulikuwa nayo. Ajue hayuko peke yake."

"Mimi usiniseme." Wabuge hakupandisha sauti. "Siku nitataka kujisema, mdomo ninao. Kesho enda kwa hiyo ofisi ujue vile wanafuta, halafu uende kwake. Usimpelekee pole tu na mikono mitupu."

Walikula maharagwe. Aliyeosha vyombo siku hiyo alikuwa Wabuge, na Tryphosa hakujua kama ni huruma au ni kutotaka kuketi naye.

* * *

Ofisi ya mradi ilikuwa ghorofani mjini, juu ya duka la mbolea na mbegu. Walimweka kwenye kiti cha mlangoni, mahali ambapo kila anayepita lazima aguse magoti yake na kuomba radhi. Alingoja mpaka waliokwenda kunywa chai wakarudi. Kisha Kiplimo, yule kijana aliyewafundisha hotelini, akamwona.

"Mama Tryphosa! Huyu ndiye mkusanyaji wetu nambari moja," aliwatangazia wenzake, na wawili wakageuka kumtazama. "Karibu, Mama. Tukusaidie na nini?"

"Nataka mfute nyumba moja."

Kiplimo aliifungua nyumba hiyo kwenye kompyuta yake, akasoma, na furaha ikamtoka usoni. "Hii ilifaa kuonekana na ofisi ya afya peke yake," alisema. "Waliacha wazi. Nimewaandikia wafunge tangu juzi."

"Umewaandikia nani? Kwani si ni nyinyi?"

Kijana alikuna shingo. "Mama, data haiko hapa. Iko kwa mashine za wenye mtambo, huko nje ya nchi. Sisi tunaingia tu kama wageni. Hata mkubwa wangu akitaka kufuta nyumba yake mwenyewe, anaandika kuomba, halafu anangoja."

"Mji ni wetu, watu ni wetu, na ufunguo hatuna?"

"Ndiyo hali, Mama." Alianza kuzipanga kalamu zake ambazo hazikuwa zimepangika vibaya. Naye aliona haya, na pengine ni haya iliyomfanya aseme kilichofuata kwa sauti ya chini. "Kuna njia moja ya haraka. Mwenye nyumba akikataa ridhaa, mtambo unaondoa kila kitu chake papo hapo. Hiyo walilazimishwa na sheria. Lakini huyu inaonyesha alikubali." Alimgeuzia kioo cha kompyuta. "Alisomewa, akakubali."

"Hakusomewa."

"Nani alibonyeza sasa?"

"Mimi."

"Na yeye alijibu nini?"

Tryphosa aliyatazama magoti yake. "Alisema Amina."

Msichana wa meza ya pili alicheka, kicheko kifupi kilichomponyoka tu, kisha akajifanya anakohoa. Kiplimo hakucheka. "Ni huyu mmoja?" aliuliza polepole.

"Ni wote."

"Basi itabidi urudi kwa wote, Mama. Simu yako bado inafanya kazi. Usome yale maelezo, halafu ungoje. Kila mtu ajibu na mdomo wake." Alimsindikiza mpaka kwenye ngazi, akamwambia aangalie pale pa kuteleza, akamshika mkono kama anavyomshika mama yake mzazi. Heshima hiyo ilimuuma Tryphosa kuliko kile kicheko. Alishuka akitamani angefukuzwa.

* * *

Kitambaa alikiacha nyumbani. Alipita kwa Nabalayo na kichwa kitupu, upepo wa mvua ukimvuma masikioni, na njiani watu wawili walimuuliza kama kuna msiba.

Nabalayo alikuwa ndani. Sufuria ilikuwa karibu na mlango, na uji wa asubuhi umeganda juu ukawa ngozi. Alipomwona mgeni wake uso ulimchangamka, na hilo nalo Tryphosa alilazimika kulistahimili.

"Mama Byron! Umekuja tuombe? Keti hapa, hii stuli ya dirishani, upate hewa."

"Sikuja kuomba, dada. Nimekuja nikuambie kitu." Hakuketi. Njiani alikuwa ameyapanga maneno, lakini sasa yalimtawanyika yote. "Nesi hakukusema. Ni mimi."

Nabalayo alimtazama akitabasamu bado, kama mtu anayengoja mzaha uishe.

"Ile siku nilikuja na simu, nilikuwa naandika. Vile uliniambia mambo ya dawa, niliandika. Imeenda kwa ramani, na ramani nikaituma mimi kwa grupu. Kila mtu akibonyeza nyumba yako anasoma."

Tabasamu halikutoweka ghafla. Lilibaki pale mdomoni, likiwa halina kazi tena, kisha Nabalayo akakaa kwenye ile stuli aliyomwekea mgeni.

"Nisomee," alisema.

"Dada..."

"Watu wote wamesoma. Mimi sijasoma. Nisomee."

Tryphosa alitoa simu. Akabonyeza nyumba isiyo yake, akarudi, akabonyeza tena. "Mama muuza uji," alisoma. "Anatumia dawa za TB." Safari hii hapakuwa na pa kuigeuzia simu. "Hajaambia majirani."

Bati la paa liligongwa na matone ya kwanza ya mvua.

"Hiyo ya mwisho," Nabalayo alisema. "Rudia."

"Hajaambia majirani."

"Kwa hivyo ulijua ni siri. Ukaandika kwamba ni siri. Halafu ukawatumia."

Hakupiga kelele. Tryphosa alikuwa amejiandaa kwa kelele, hata kwa kofi, hata kwa majirani kujaa mlangoni, na sasa hakujua aiweke wapi mikono yake.

"Na yako?" aliuliza Nabalayo. "Wewe pia uko na nyumba. Yako inasema nini?"

"Inasema hakuna la kuongeza."

"Hakuna." Nabalayo alitikisa kichwa taratibu. "Nyumba yote ya Mama Byron, hakuna."

Lilikuwa jambo ambalo Tryphosa hangeweza kulivumilia, kusimama pale akiwa ndiye msafi. Alitafuta chochote cha kumpa mwanamke huyu, chochote chenye uzito, na kilichokuwa karibu zaidi kikaja mdomoni. "Si kweli hakuna, dada. Hata mzee wangu, mwaka juzi, alikuwa..."

"Ngoja." Nabalayo aliinua mkono. "Amekutuma uniambie?"

Mvua ilikuwa imeshika sasa.

"Nimekuuliza, Mama Byron. Mzee Wabuge anajua unataka kumsema hapa?"

"Alinikataza."

"Basi nyamaza."

Walikaa hivyo, mmoja kwenye stuli na mwingine wima karibu na sufuria ya uji ulioganda. Hakuna aliyekuwa amemvua Tryphosa nguo, lakini ndivyo alivyojisikia. Ndani ya nyumba ile ile, katika kuomba msamaha wa kosa lile lile, alikuwa karibu kulifanya tena, na aliyemzuia alikuwa yule aliyemkosea.

"Umesema watafuta?" Nabalayo aliuliza mwishowe.

"Ukikataa, itatoka. Lakini lazima nikusomee, na ujibu mwenyewe, wewe na kila nyumba niliingia."

"Soma."

Tryphosa alisoma. Aliyasoma yote, yale maneno marefu ya taarifa ya habari, habari zako zitahifadhiwa, zitatumiwa na ofisi zifuatazo, una haki ya kukataa bila kuulizwa sababu. Pale Nabalayo alipokunja uso alisimama akaeleza kwa maneno ya nyumbani. Ilichukua muda mfupi kuliko maombi yake mafupi kuliko yote. Kisha akangoja, na kungoja huko kulikuwa kugumu, maana hakuwa na mazoea nako.

"Hapana," alisema Nabalayo.

Kidole cha Tryphosa kilibonyeza. Kile kipande cha paa kwenye ramani kikawa kijivu, na maneno hayakuwepo tena. Alimgeuzia Nabalayo simu aone. Nabalayo alitazama muda mrefu.

"Kwa vichwa vya watu haijatoka," alisema.

"Haijatoka."

"Na nesi nilimtukana mbele ya watu. Kesho asubuhi utanipeleka kwake. Wakati foleni imejaa. Mimi nitaomba msamaha, lakini wewe ndiye utasema sababu."

"Nitasema."

"Yako peke yake. Yangu nitasema mwenyewe."

Tryphosa aliitikia kwa kichwa. Hakukuwa na la kuongeza, na safari hii ilikuwa kweli. Aligeuka aondoke, na alipofika kizingitini mazoea ya miaka yakamsimamisha: aliinamisha kichwa, macho yakajifunga, midomo ikaanza kutafuta neno la kuiaga nyumba. Halikuja. Alipofumbua macho alimkuta Nabalayo ameketi vilevile, anamtazama, na macho yake hayakuwa yamefungwa hata kidogo.

"Enda, Mama Byron," alisema. "Nyumba bado ni mingi."

Akatoka kwenye mvua, kichwa kitupu, akabisha mlango wa pili.